Dawa ya kukojoza kwa mwenye tansio: namna ya kuimeza bila kujiumiza

Una tansio, yaani shinikizo la damu, na umetoka kwa daktari na karatasi mkononi. Juu yake kuna jina refu, mara nyingi hydrochlorothiazide, na maelezo uliyopewa kwa mdomo ni mafupi: "Hii ni ya kukojoza." Ukifika nyumbani ndipo maswali yanapoanza, na ni yale yale katika mitaa ya Lubumbashi: Katuba, Kenya, Ruashi na Bel-Air. Niimeze saa ngapi? Nikisahau je? Tansio ikirudi sawa niache? Mbona ya jirani ni Lasix na yangu siyo? Wiki ya kwanza nilikojoa sana na sasa mkojo umepungua, dawa imechoka?

Majibu yako hapa chini, yamepangwa kufuata kazi yenyewe. Ni ya mtu mzima aliyekwisha kupimwa na kuandikiwa dawa, wala hayamsaidii mtu kujiandikia mwenyewe. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu, mwenye ugonjwa wa figo au wa ini, na mama mjamzito wana mpango wao, na mpango huo unashinda kila kilichoandikwa hapa.

Namna inavyofanya kazi, kwa maneno machache: dawa inazifanya figo ziachie chumvi, na maji yanaifuata chumvi. Siku za kwanza unaenda choo mara kwa mara. Baada ya wiki kadhaa mwili unazoea, mkojo unakaribia kuwa wa kawaida, lakini mishipa ya damu inabaki imelegea na tansio inabaki chini. Kwa hiyo wingi wa mkojo hauwezi kukuambia kama dawa inafanya kazi. Mashine ya tansio ndiyo itakayokuambia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kidonge cha kwanza

- Ordonansi, yaani karatasi ya dawa ya daktari, inayosomeka. Jifunze alama zake: *cp* ni kidonge, *1 cp/j le matin* ni kidonge kimoja kwa siku, asubuhi, *1-0-0* ni asubuhi kimoja, mchana hakuna, jioni hakuna. Ukiona *12,5 mg*, ile mkato ni nukta: kumi na mbili na nusu.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mashine ya tansio ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi. Kama huna mashine, chagua kituo kimoja cha afya au farmasi moja na upimwe pale pale kila mara.
- Majibu ya damu: kreatinini, potasiamu, sodiamu na sukari. Kama umewahi kuugua jongo, yaani goutte, ongeza asidi ya yuriki. Si kila labo ya mtaa inapima potasiamu na sodiamu. Uliza kabla hujanyoosha mkono, usije ukalipa mara mbili.
- Orodha ya kila kitu unachomeza au kujipaka: vidonge, mizizi, chai za majani, krimu za kung'arisha ngozi, vidonge vya kunenepesha. Vyote. Sababu inakuja kwenye hatua ya 7.

Kuna mambo ambayo daktari hawezi kuyakisia. Mwambie mwenyewe ikiwa uliwahi kutoka mapele au kuvimba uso kwa Bactrim au Fansidar, kwa kuwa dawa hizo zina undugu wa kikemikali na diyuretiki (dawa za kukojoza) nyingi. Mwambie ikiwa una jongo, kisukari, shida ya kutoa mkojo (wazee wa kiume hasa), mimba au mpango wa kupata mimba, au ikiwa unameza digoxin au lithium. Mwenye ualbino aseme pia, hata kama anaona ni dhahiri: hydrochlorothiazide huifanya ngozi iumie zaidi kwa jua, na ikimezwa miaka mingi huongeza hatari ya baadhi ya saratani za ngozi. Daktari anaweza kuchagua nyingine.

Jua iliyo mkononi mwako

Hapa ndipo fujo nyingi inapoanzia, kwa sababu zote zinaitwa "ya kukojoza" kana kwamba ni moja.

Hydrochlorothiazide, ambayo huandikwa HCT, ndiyo ya kawaida kwa tansio. Dozi ya kawaida ni 12.5 hadi 25 mg, mara moja kwa siku. Vidonge huuzwa vya 25 na vya 50. Indapamide ni ndugu yake. Ipo ya 1.5 mg yenye herufi LP nyuma ya jina, na ipo ya 2.5 mg. LP maana yake inaachia dawa polepole kwa siku nzima: haikatwi, haisagwi, haitafunwi.

Furosemide, ambayo watu wanaijua kwa jina la Lasix, ni mnyama mwingine. Inaanza ndani ya saa moja, inakojoza kwa nguvu, na baada ya saa 6 hivi imekwisha. Inafaa kwa maji yaliyojaa mwilini: moyo ulioshindwa, figo zilizochoka, miguu iliyovimba. Kwa mtu mwenye figo nzima, tansio inashuka na kupanda kama lifti. Usiipime nguvu ya dawa kwa kelele inayofanya chooni.

Spironolactone, Aldactone kwa jina la dukani, na amiloride hufanya kinyume katika jambo moja kubwa: zinashikilia potasiamu badala ya kuipoteza. Ushauri wa "kula ndizi nyingi" ambao ni mzuri kwa mwenye HCT unaweza kumdhuru mwenye spironolactone.

Halafu kuna vidonge viwili ndani ya kimoja. Losartan au enalapril, dawa nyingine za tansio, ikichanganywa na HCT huuzwa kama kidonge kimoja, na jina la dukani mara nyingi huanza na *Co-* au huishia na *Plus* au *H*. Moduretic ni amiloride 5 mg pamoja na HCT 50 mg. Mtu akipewa hospitalini kidonge cha mchanganyiko, na nyumbani bado ana plaketi (karatasi ya vidonge) ya HCT ya zamani, akameza vyote viwili, amejipa dozi mara mbili bila kujua. Soma mstari mdogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo kiini cha dawa kimeandikwa. Pakiti zinazovuka Kasumbalesa kutoka Zambia zimeandikwa Kiingereza, lakini majina ya viini yanafanana sana na ya Kifaransa.

Hatua kwa hatua

1. Kagua kabla ya kulipa. Omba pakiti nzima au plaketi ambayo jina, nguvu kwa mg, namba ya *lot* na tarehe ya *EXP* vinasomeka. Vidonge vilivyokatwa na kutiwa ndani ya kisachet, au vilivyoanikwa mezani juani kando ya soko, acha hata kama ni nusu bei: huwezi kujua ni nini wala ni vya lini. Linganisha mg na ordonansi. Umeandikiwa 12.5 na muuzaji ana 50 tu? Hiyo ni robo ya kidonge, na robo ya kisu cha jikoni haipatikani sawa. Leo utapata 8, kesho 18. Tafuta ya 25 yenye mstari katikati, ukate nusu kwa mstari ule.

Weka dawa pakavu na penye ubaridi wa kawaida. Kabati la juu ya mbabula (jiko la makaa) na mbele ya kioo cha gari ni mahali pabaya. Na iwe juu, watoto wasipofika.

2. Pata namba zako za mwanzo. Kama daktari hakukuhimiza kuanza siku ile ile, pima siku tatu mfululizo kabla ya kidonge cha kwanza, asubuhi na jioni. Kojoa kwanza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja au mbili, andika zote.

Muuguzi hapa Lubumbashi atakuambia "una 15 kwa 9", mashine yako itaandika 150/90. Ni kitu kimoja. Anayesoma 9 kama kitu kidogo na 90 kama kitu kikubwa anajitisha bure, au anajifariji bure.

3. Meza asubuhi, saa ile ile. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na chai au bila chai. HCT huanza kukojoza ndani ya saa 2, huwa kali zaidi kati ya saa 4 na 6 baada ya kuimeza. Piga hesabu na shughuli zako: anayepanda taxibus kwenda kazini saa moja na nusu anaweza kumeza akifika kazini penye choo. Ukiandikiwa furosemide mara mbili, ya pili iwe mchana, isipite saa nane au saa tisa. Mzee anayemeza jioni huamka gizani mara nne, anajikwaa, anavunjika nyonga. Ni ajali inayoepukika kwa kubadili saa tu.

Ukisahau na ukakumbuka kabla ya saa kumi alasiri, meza. Ikipita hapo, acha hadi kesho. Usimeze viwili kufidia.

4. Wiki ya kwanza, inuka kwa awamu. Kutoka kitandani: keti ukingoni dakika moja, nyayo chini, ndipo usimame, ushike kitu. Kama una kizunguzungu, pima tansio ukiwa umeketi, kisha simama na upime baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika na umpelekee daktari. Dozi huenda ni kubwa kwako. Bia na lutuku (pombe kali ya kienyeji) huongeza kizunguzungu hiki. Chupa moja ya bia ya Simba mezani na chakula na chupa nne juani kwenye michopo (nyama choma) ni mambo mawili tofauti.

5. Pima bila kujitesa. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Usibadili kitu kwa sababu ya namba moja mbaya. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu zake zote, na anayepandisha dozi siku ya tano hajaipa nafasi. Lengo la kawaida ni chini ya 140/90 kwenye kituo cha afya. Nyumbani, ambako mtu ametulia, chini ya 135/85. Mwenye kisukari, figo au moyo mgonjwa huwekewa lengo la chini zaidi.

Kuzidisha HCT hakulipi. Ukitoka 25 kwenda 50 tansio inashuka kidogo tu zaidi, lakini potasiamu inapotea zaidi na sukari na asidi ya yuriki vinapanda zaidi. Ndiyo maana daktari mwenye busara akiona 25 haitoshi huongeza dawa ya aina nyingine, kama amlodipine, badala ya kuzidisha ile ile. Usimwone kama anakurundikia vidonge.

6. Chumvi, potasiamu na maji. Mtu anayemeza diyuretiki na kula makayabu (samaki wa chumvi) kila siku anavuta kamba pande mbili. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja kidogo, na ndani yake hesabu kila chumvi iliyofichwa. Kibe cha kukolezea mchuzi karibu nusu yake, au zaidi, ni chumvi. Makayabu na samaki wa chumvi wa kukausha loweka usiku kucha, ubadili maji mara mbili tatu. Bikaboneti inayotiwa ndani ya sombe (kisamvu) au maharagi ili viive haraka ni sodiamu ile ile, ingawa ulimi hausikii chumvi. Na bukari (ugali) yenyewe haina shida. Shida iko kwenye mboga yake.

Kama unameza HCT, indapamide au furosemide peke yake, tumia vyakula vyenye potasiamu kila siku: ndizi, avoka, maharagi, viazi vitamu, lengalenga, matembele, machungwa. Kama unameza spironolactone au amiloride, au enalapril au losartan pamoja na diyuretiki, kula kwa kiasi cha kawaida, na usiguse "chumvi ya wenye tansio" inayouzwa kwenye vikopo bila kuuliza: mara nyingi ni potasiamu tupu. Vidonge vya potasiamu havimezwi bila jibu la labo.

Maji: kunywa kwa kiu yako. Kosa la kwanza ni kujinyima maji ili kupunguza safari za choo. Kosa la pili, ambalo watu hawalitarajii, ni kunywa lita tano "kusafisha figo". Figo iliyo chini ya HCT inashindwa kuondoa maji mengi matupu, sodiamu ya damu inashuka, na mama wa miaka 70 anaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Familia inadhani ni uzee.

7. Kabla ya dawa yoyote nyingine, simama kwanza. Hatari kubwa zaidi inakuja kwa dawa za maumivu: ibuprofen, diclofenac, indometacin. Zinapunguza nguvu ya diyuretiki, zinapandisha tansio, na zinabana figo. Diyuretiki, pamoja na enalapril au losartan, pamoja na diclofenac ya maumivu ya mgongo: hao watatu wakikutana ndani ya mtu mmoja, figo zinaweza kuzima ndani ya siku chache. Baada ya siku nzima ya kubeba mizigo au kuchimba, meza paracetamol ya kawaida. Ya kawaida, nasema, kwa kuwa ile inayochemka ndani ya glasi ina takribani 400 mg za sodiamu kwa kidonge kimoja.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri mara nyingi vina dexamethasone. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina dawa za jamii hiyo hiyo, na zikipakwa mwili mzima kila siku zinaingia damuni. Zinapandisha tansio na sukari na kuishusha potasiamu, yaani zinafanya kazi dhidi ya daktari wako kila asubuhi. Wasiposema hayo hospitalini, watu huongezewa dawa ya tansio juu ya dawa ya tansio.

Ukilazwa kwa malaria na ukawekewa kwinini, sema unameza diyuretiki. Potasiamu ikiwa chini, kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Bactrim pia itajwe, hasa kwa mwenye spironolactone, maana zote mbili zinapandisha potasiamu. Chai ya ngai-ngai na majani ya kukojoza ya kienyeji huongeza nguvu juu ya nguvu. Kunywa kikombe si kosa, kuviweka badala ya kidonge ndilo kosa.

8. Siku ya kuhara, kutapika au homa kali. Hii ipange na daktari mapema, ukiwa mzima, uandike kwenye daftari. Mpango wa kawaida ni huu: ukihara au kutapika sana, au ukiwa na homa na hula wala hunywi, unasimamisha diyuretiki siku hizo. Enalapril au losartan nayo husimamishwa mara nyingi kwa sababu ile ile: mwili ukiwa mkavu, dawa hizi zinaziacha figo bila maji. Unarudia baada ya saa 24 hadi 48 za kula na kunywa kawaida. Mwenye moyo ulioshindwa asisimamishe peke yake. Apige simu au aende siku hiyo hiyo.

Kunywa SRO, ile chumvi na sukari ya kisachet inayochanganywa na maji kwa anayehara. Wenye tansio wengi huikataa kwa sababu ina chumvi. Siku ya kuhara chumvi hiyo ndiyo unayoipoteza, inywe. Soma kisachet: vingi ni vya lita 1, vingine vya nusu lita. Kama hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Kuhara kwa maji meupe kama ya mchele, mfululizo, ni kwenda kituo cha afya mara moja bila kumaliza kisachet nyumbani: kipindupindu hakimngojei mwenye diyuretiki.

9. Damu tena. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza au kubadili dozi, rudia kreatinini, potasiamu na sodiamu. Ikiwa sawa, kisha kila miezi 6 hadi 12. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 mmol/L, sodiamu kati ya 135 na 145. Potasiamu chini ya 3.5 ni ya kuonyesha daktari wiki hiyo. Chini ya 3.0, au juu ya 5.5, au sodiamu chini ya 130, ni ya siku hiyo hiyo.

10. Nunua tena kabla haijaisha. Zikibaki siku 7. Tansio ikiwa 12 kwa 8 haimaanishi umepona. Inamaanisha dawa ipo ndani yako. Ukiacha, itarudi taratibu bila kukupigia hodi.

Kufunga, safari, majira

Kufunga na maombi kwa siku tatu bila chakula wala maji haiendi na dawa hii. Ongea na daktari, na ongea na mchungaji. Wengi hukubali mfungo wa chakula wenye maji. Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa baada ya kufuturu ikiwa daktari ameona hali yako, na vyoo vya jioni utavivumilia.

Safari ya Likasi au Kolwezi: sogeza dozi umeze ukifika. Kuchelewa saa chache hakuna neno. Kuacha siku tatu kwa sababu ya harusi kuna neno.

Juni na Julai baridi ikikaza, tansio huelekea kupanda. Septemba na Oktoba, joto kabla ya mvua, wanaofanya kazi juani hutoka jasho jingi na tansio inaweza kushuka kupita kiasi kwa dozi ile ile. Zidisha maji kidogo, vaa kofia, na pima mara nyingi zaidi miezi hiyo.

Mambo yakienda vibaya

*Misuli ya miguu inakaza usiku.* Fikiria potasiamu au sodiamu. Angalia kama umehara, umetoka jasho sana au umezidisha dozi. Ongeza ndizi na maharagi kama dawa yako ni ile inayopoteza potasiamu, na upime damu wiki hiyo. Ikiwa pamoja na udhaifu mkubwa au moyo unaoruka mapigo, usisubiri wiki.

*Kidole gumba cha mguu kimewaka moto usiku, shuka haigusiki.* Jongo. Diyuretiki hupandisha asidi ya yuriki. Usikimbilie indometacin. Nenda kwa daktari. Mara nyingi diyuretiki hubadilishwa.

*Tansio haishuki baada ya mwezi.* Kabla ya kulaumu dawa: ulimeza siku ngapi kati ya 30? Chumvi? Dawa za maumivu? Krimu? Mkanda wa mashine unakutosha? Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli.

*Miguu imevimba ingawa nakojoa.* Kama unameza amlodipine, uvimbe wa vifundoni unaweza kutoka kwake, na kuongeza diyuretiki hakuusaidii sana. Dawa ndiyo ibadilishwe au ipunguzwe. Ukivimba na kupumua kwa shida ukilala chali, hiyo ni habari nyingine, ya hospitali.

*Nguvu za kiume zimepungua.* Hutokea kwa HCT, na zaidi kwa spironolactone, ambayo huweza pia kuvimbisha matiti ya mwanamume. Sema. Wanaume wengi huacha dawa kimya kimya, na daktari anabaki anashangaa namba.

*Sukari imepanda.* HCT inaweza kuisukuma juu kidogo. Usiache, peleka namba.

*Jicho limeuma ghafla, naona ukungu.* Ni nadra, hutokea zaidi siku au wiki za kwanza. Acha dawa na uende kwa daktari wa macho siku hiyo.

*Mapele mwilini, midomo imevimba.* Acha, nenda sasa.

*Mimba imeingia.* Nenda upesi, hasa kama kidonge chako kina losartan au enalapril ndani, kwani hizo zinamdhuru mtoto.

*Mashine inaandika 180/110 au zaidi.* Keti, tulia dakika 5, pima tena. Kama huna dalili yoyote, zungumza na daktari siku hiyo au kesho yake asubuhi. Usimeze kidonge cha pili, usimtafute mtu wa kukuchoma Lasix mtaani, usiweke nifedipine chini ya ulimi. Kuishusha tansio kwa kishindo kunaweza kuunyima ubongo damu.

Ikiwa namba hiyo inakuja na maumivu ya kifua, pumzi fupi, mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea, maneno kuvurugika, kifafa au macho kutoona, mpelekeni Sendwe au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, saa ile ile, kwa gari au pikipiki yoyote inayopatikana. Chukueni na pakiti zote za dawa zake, hata zilizo tupu.